Nimemaliza uzamivu Tengeru, waajiri wanasema nimesoma mno: nijieleze vipi?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni msomaji wako wa Usa River, nina miaka 34. Nilisoma shahada ya uzamivu pale Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, kuhusu madini ya floraidi kwenye maji ya mteremko wa Mlima Meru na namna ya kuyapunguza kwa mkaa wa mifupa. Baadaye nikapata mkataba wa utafiti, nao umekwisha pamoja na fedha za mradi. Nimeomba kazi kwenye kampuni na mashirika ya Arusha na Moshi, na mara nyingi sijibiwi. Sehemu moja waliponiita waliniuliza kwa upole kama sioni nimesoma mno kwa nafasi ile. CV yangu ina kurasa 11, nimeiambatanisha. Sijui kazi nyingine zaidi ya utafiti, na hata huo utafiti muda wake mwingi uliliwa na usumbufu: vibali, wenyeviti wa vijiji, mizigo ya vitendanishi (kemikali za maabara) kukwama uwanja wa ndege wa KIA, na vijana wa sampuli ambao msimu wa kwanza waliniharibia kundi zima kwa kutumia chupa za kioo. Nijieleze vipi kwa mwajiri asiyejua floraidi wala kuijali? Na nikiondoka, je, mlango wa chuo unafungwa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa shahada. CV yako nimeisoma yote, kisha nikarudi kwenye barua. Nikuambie nilichokiona: barua yako ingemshawishi mwajiri kuliko CV yako. Yale anayoyatafuta umeyaandika kwenye barua na ukayaita usumbufu. Kwenye CV hayamo hata kwa mstari mmoja. Vibali, wenyeviti, mizigo iliyokwama, vijana waliokosea chupa: hivyo ndivyo vitu vyako vya kuuza, na floraidi ni mahali ulipojifunzia kuvifanya.

Jiweke kwenye kiti cha meneja wa shamba la mboga za kusafirisha nje, hapohapo Usa River. Mezani ana rundo la maombi. Chumba cha baridi kinasumbua, mkaguzi wa cheti anakuja Alhamisi, na kijana aliyekuwa akitunza kumbukumbu za unyunyiziaji wa dawa ameacha kazi. Anafungua CV yako. Ukurasa wa kwanza ni jina la tasnifu, mistari mitatu. Wa pili hadi wa tano ni makala na makongamano. Wa sita ni majina ya mashine za maabara. Yeye ana swali moja kichwani: huyu akianza Jumatatu, atanitua mzigo gani? Akikosa jibu kwenye nusu ya kwanza ya ukurasa wa kwanza, anachukua karatasi inayofuata. Hata akikuita, ndipo litakapokuja lile la kusoma mno. Waajiri wengi wanaposema hivyo wana hofu mbili wasizozitamka: sijaona utanifanyia nini, na ukipata pengine utaniacha. Zote mbili zinajibika, ila itabidi uzijibu bila kuulizwa.

Kuna jambo jingine linalokuzuia, na naliona kwa wasomi wengi wa huku kwetu. Tumelelewa tusijisifu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, tuliambiwa tangu utotoni. Ukafika chuoni ukazoea kuandika "sampuli zilikusanywa" na "ilibainika kwamba", kana kwamba sampuli zilijikusanya zenyewe. Uandishi huo unafaa kwenye jarida. Kwenye maombi ya kazi unakufuta wewe mwenyewe. Mwajiri hana namna ya kujua kwamba ni wewe uliyeamka alfajiri kuwahi Ngarenanyuki kabla kina mama hawajamaliza kuteka maji. Sema "nilifanya" kila pale ulipofanya kweli. Hiyo ni taarifa anayoihitaji ili aweze kukuajiri, na hakuna majivuno ndani yake.

Sasa kazi yenyewe. Chukua daftari zako za uwandani za miaka yote pamoja na barua pepe za mradi. Tasnifu iache kabatini, kwa sababu imeshafuta jasho lote na kubakiza majibu. Pitia daftari mwezi kwa mwezi, uandike vitendo: nilimpigia nani, nilinunua nini, nani alikataa nikamshawishi vipi, nini kiliharibika. Kando ya kila kitendo weka ukubwa wake na kilicholetwa nacho. Utashangaa orodha itakavyorefuka. Nilipokupigia simu wiki iliyopita, kwa maongezi ya nusu saa tu tulipata ya kutosha kujaza CV nzima, na wewe bado ulikuwa unaniambia "hayo ni ya kawaida".

Tuanze na vibali. Ulipitia barua ya chuo, ofisi ya mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, halafu mkutano wa hadhara ambako mzee mmoja alisimama kuuliza kwa nini watafiti wanachukua maji kila mwaka na majibu hayarudi. Ukarudi na majibu, kwa Kiswahili, ukaeleza namna floraidi iliyozidi kwenye maji inavyoyafanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Kampuni inayotaka kuchimba kisima, kusimika mnara wa simu au kukodi ardhi ya kijiji inamtafuta mtu wa namna hiyo, anayejua kuwa mkutano wa kijiji ukivurugika, mtambo utakaa stoo miezi. Wahandisi wazuri wapo. Mhandisi anayeweza kukaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji na kutoka na muhtasari uliosainiwa ni adimu.

Mizigo ya KIA nayo. Uliomba ankara za bei kwa wauzaji watatu, ukalinganisha, ukahangaika na kibali cha kemikali, ukafuatilia forodha na wakala wa kutoa mizigo, na baada ya mzigo wa kwanza kuchelewa ukaanza kuagiza mapema. Huo ni ununuzi na usimamizi wa ugavi. Kuna watu wanaosomea mambo hayo darasani bila kuwahi kutoa mzigo hata mmoja.

Mkaa wa mifupa wenyewe unasema mengi kwa mtu wa kiwandani, ukiueleza kwa lugha yake. Ulichoma mifupa kwa viwango tofauti vya joto. Uliona kwamba joto likizidi, uwezo wa mkaa kunyonya floraidi unashuka, na likipungua, maji yanatoka na harufu na rangi. Ukapanga ratiba ya kubadilisha mkaa kabla haujashiba. Kiwandani huo unaitwa udhibiti wa mchakato na matengenezo ya kinga, na unafanana iwe unachoma mifupa, unachachusha bia au unakausha kahawa: una kipimo unachokilenga, una kitu kinachokiyumbisha, na una daftari linalokuonya mapema.

Halafu chupa za kioo. Hili umelitaja kwa aibu, na mimi naliona ndilo lulu ya barua yako. Ulinieleza kwenye simu: chupa za plastiki ziliisha mkiwa uwandani, kijana mmoja akaazima za kioo dukani ili kazi isisimame. Sampuli za floraidi huwekwa kwenye plastiki kwa sababu floraidi inaweza kuathiriana na kioo, na kipimo kikakosa kuaminika. Jioni, ulipokuwa unalinganisha lebo na daftari, ukaligundua. Ukaitupa safari nzima, ukamwarifu msimamizi wako siku hiyohiyo, ukarudi vijijini kuchukua upya. Kisha ukabadili utaratibu: gari haliondoki mpaka orodha ya vifaa isainiwe na watu wawili, chupa za akiba zinakaa kwenye sanduku lao, na kila kijana anaelezwa sababu ya chupa kabla ya kukabidhiwa. Msimu wa pili hamkupoteza sampuli hata moja.

Tazama kilichomo humo. Umegundua kosa mwenyewe kabla ya mtu mwingine. Hukulificha, ingawa lilikugharimu. Hukumfukuza kijana, ulitengeneza mfumo uliomzuia asikosee tena. Meneja yeyote wa ubora akisikia hayo atakaa wima kwenye kiti, kwa sababu ndivyo maabara zinazofuata ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, zinavyotakiwa kushughulikia kazi iliyokwenda kombo, na ndicho wakaguzi wanachokitafuta kwenye mafaili. Liandike hili. Lifanyie mazoezi ya kulisema kwa dakika mbili, kwa mpangilio uleule: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa nini, ulifanya nini, kikatokea nini.

Nikupe mfano wa mstari wa CV kabla na baada, kwa namba za kwenye viambatisho vyako. Sasa hivi umeandika:

"Utafiti wa mtawanyiko wa floraidi katika maji ya ardhini ya mteremko wa Mlima Meru na ufanisi wa mkaa wa mifupa kama kifyonzaji."

Mimi ningeandika:

"Niliongoza timu ya watu watano kukusanya na kupima sampuli 312 za maji katika vijiji tisa kwa misimu miwili. Baada ya kundi moja kuharibika msimu wa kwanza, nilianzisha utaratibu wa ukaguzi wa vifaa. Msimu wa pili hatukupoteza sampuli yoyote."

"Nilisimamia bajeti ya shilingi milioni 46: ununuzi wa ndani na nje, forodha, malipo ya vibarua na ripoti kwa mfadhili kila robo mwaka."

"Niliwasilisha matokeo kwenye mikutano ya vijiji, shule mbili zikahamisha chanzo cha maji ya kunywa."

CV yenyewe, kwa kampuni nyingi, utaiandika kwa Kiingereza. Iandike kwanza kwa Kiswahili namna hii, kwa sababu kwa Kiswahili hutakimbilia maneno ya chuo. Ukishapata mstari ulionyooka, uhamishe.

Tahadhari moja, na naisema kwa uzito: chagua kitenzi kwa uaminifu. "Niliongoza" ni pale maamuzi yalipokuwa yako. "Nilishiriki" ni pale ulipokuwa mmoja wa wengi. Ile ramani ya visima mliyoichora na mwenzako wa chuo cha nje, sema mliichora pamoja. Arusha na Moshi ni miji ambayo meneja wa huku amesoma na mhadhiri wa kule, na simu moja inatosha. Ukweli wako unatosha bila kuongezwa chumvi.

Utakutana pia na majedwali ya ujuzi wa watafiti. Linalojulikana sana ni la shirika la Vitae la Uingereza, ambalo toleo lake la mwaka 2010 liliugawa ujuzi wa mtafiti katika maeneo makuu manne na vipengele 63. Ni zuri kwa kukukumbusha ulichosahau. Usiyahamishe maneno yake kwenye CV, maana "fikra tunduizi" na "mawasiliano fanisi" kila mwombaji anayo kwenye karatasi yake, na mwajiri ameshaacha kuyasoma. Weka kisa na namba, na hiyo fikra tunduizi ataiona mwenyewe.

Upeleke wapi sasa? Hapa nakusihi uache kutuma CV moja kila mahali. Fikiri kwa aina ya kazi iliyopo kwenye ukanda huu wetu.

Ya kwanza ipo mlangoni kwako: maji ya chupa na vinywaji. Chanzo chochote cha maji kuzunguka Meru kina swali la floraidi, na kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Huko ndiko pekee ambako mada yako yenyewe ni mtaji, kwa hiyo barua ya kiwanda cha maji itaje floraidi kwenye sentensi ya kwanza. Kwingine kote iteremshe.

Mashamba ya mboga, maua na mbegu kuanzia Tengeru hadi Usa River na kwingineko yanauza Ulaya, na wengi wa wanunuzi wanataka cheti cha kilimo bora kama GLOBALG.A.P. Kinachowaumiza kichwa ni ufuatiliaji wa bidhaa: karoti hii ilitoka kitalu gani, ilinyunyiziwa nini, lini, na nani. Wewe umeishi na jambo hilo. Kila chupa yako ilikuwa na lebo, saa, kisima, jina la aliyechota na sahihi ya aliyepokea maabara. Ukisema hivyo kwa meneja wa shamba, ataelewa bila kuuliza floraidi ni nini. Kampuni za mbegu nazo huendesha majaribio ya shambani, na mtu anayejua kwa nini unahitaji vitalu vya kulinganishia na kurudia jaribio zaidi ya mara moja hawamwokoti barabarani.

Kahawa ya Moshi ndiyo ningependa uitazame kwa makini zaidi, na nina sababu. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayokataza kuingiza bidhaa zilizotoka kwenye ardhi iliyokatwa misitu baada ya mwisho wa mwaka 2020, na kahawa ni mojawapo. Utekelezaji umesogezwa mbele, lakini sharti lenyewe liko wazi: mnunuzi lazima ajue shamba lilipo kwa vipimo vya ramani. Kwa shamba lisilozidi hekta nne, inatosha nukta moja ya ramani. Likizidi hapo inatakiwa mipaka yake yote. Sasa fikiria vihamba vya Kilimanjaro, vidogo vidogo, migomba na kahawa pamoja, maelfu kwa maelfu, kila kimoja na mwenyewe. Nani atakwenda nyumba kwa nyumba, apate ridhaa ya mzee mwenye kihamba, achukue nukta kwa simu, ahakikishe nukta haijaangukia kwa jirani, ahifadhi taarifa zisipotee, na mwisho atoe ramani inayosomeka? Ulifanya hivyo kwa visima, kwa KoboToolbox, programu ya kukusanyia taarifa kwa simu, na QGIS ya kuchorea ramani. Vyama vya ushirika, wanunuzi na wasafirishaji wa kahawa wanahitaji watu wa kazi hiyo, na Moshi ndiko yaliko makao makuu ya Bodi ya Kahawa. Ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja, ningekuambia uanzie huko.

Kampuni za tathmini ya athari kwa mazingira zipo pia, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Huko wataalamu husajiliwa, kwa hiyo utaanza chini ya mtaalamu aliyesajiliwa huku ukijenga rekodi yako. Mashirika yasiyo ya kiserikali yanatafuta watu wa ufuatiliaji na tathmini, na uzoefu wako wa hojaji za kaya unaingia moja kwa moja. Nafasi za serikali zinapita Sekretarieti ya Ajira, na huko fuata maelekezo ya tangazo neno kwa neno, maana mchujo wao hauna nafasi ya ubunifu.

Kuhusu umbo: kurasa 11 zishuke hadi mbili. Juu kabisa, mistari mitatu au minne inayomwambia mwajiri huyo, kwa nafasi hiyo, utamsaidia nini. Kisha kazi ulizofanya, zikiwa na mistari kama ile niliyokuonyesha. Uzamivu wako uandike kama kazi, kwa sababu ulikuwa kazi: miaka kadhaa, bajeti, watu chini yako, tarehe za mwisho. Shahada yenyewe itajwe kwenye elimu, bila kufichwa. Wapo wanaoshauri watu waifute ili wasiogopwe. Mimi sikubaliani nao kabisa. Utabakiza pengo la miaka usiloweza kulieleza, na likigundulika utaonekana mtu wa kuficha. Makala zote nane zishike mstari mmoja: "Makala nane katika majarida ya kitaaluma, orodha ipo ikihitajika." Najua inauma, nimeona watu wakilia kwa mstari huo. Orodha ndefu ibaki kwenye CV ya chuo, na hiyo uitunze pembeni.

Ambatanisha kitu kimoja cha kuonyesha mkono wako: ukurasa mmoja, grafu moja safi, aya tatu, pendekezo moja. Mkurugenzi asiye na muda ataelewa uwezo wako kwa ukurasa huo kuliko kwa vyeti. Lakini angalia sana usimpelekee mtu data ya mradi. Una majina ya kaya na hali za meno ya watoto humo. Walikupa kwa ridhaa ya utafiti tu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakubana wewe kama inavyoibana benki. Tumia jumla za vijiji, au matokeo yaliyokwishachapishwa. Mwajiri akikuomba data ghafi kwenye usaili, kataa kwa adabu na umweleze kwa nini. Atajua siri zake nazo utazitunza hivyo.

Usaili. Tarajia waulize kwa nini unaacha utafiti. Usiulaumu mradi wala chuo, na usijitie umechoka na vitabu. Sema unachokifuata: "Nimetumia miaka kuonyesha tatizo liko wapi. Nataka sasa nikae mahali ambapo jibu likipatikana asubuhi, jioni linatumika." Seti nzima ya maswali mengine itazunguka kasi. Watu wa biashara wanaamini mtafiti hawezi kuamua mpaka awe na uhakika wote, na kusema ukweli wengi wetu tumewapa sababu ya kuamini hivyo. Uwe na kisa kimoja ambapo uliamua kwa taarifa pungufu kwa sababu muda haukuwepo. Unacho: ile siku barabara ya Ngarenanyuki ilipokatwa na mvua, ukachagua visima vinne kati ya kumi na mbili, na ukaweza kueleza kwa nini hivyo vinne. Kisimulie hicho.

Na wakigusia kusoma mno, usicheke wala usijitetee. Wajibu hofu zao zote mbili kwa pamoja: "Naelewa wasiwasi huo. Nafasi hii inahitaji mtu wa kusimamia kumbukumbu na wakaguzi, na hilo nimelifanya kwa misimu miwili. Ninaishi Usa River, familia yangu iko hapa, na natafuta mahali pa kukaa na kukua." Sema hayo ikiwa ni kweli. Ikiwa unaiona nafasi hiyo kama kituo cha kusubiri basi jingine, basi hofu yao ni ya haki, na ni bora usiombe.

Mshahara: usiutaje mpaka ujue majukumu, na ukiutaja, taja kiwango cha chini na cha juu. Uliza kama wanazungumzia kabla au baada ya makato. Posho ya utafiti huenda ilikuwa inakufikia nzima; kwenye ajira kuna kodi ya mapato, na michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, ambayo kwa kawaida mnagawana nusu kwa nusu na mwajiri.

Wadhamini wako watatu wote ni maprofesa. Bakiza mmoja, msimamizi wako. Mwingine awe mtu aliyekuona ukisimamia fedha, kwa mfano mhasibu wa mradi, na wa tatu mtendaji wa kata uliyefanya naye kazi. Hakuna kanuni inayosema mdhamini lazima awe na joho. Wapigie kabla, uwaambie kazi unayoomba ni ipi, na uwakumbushe kisa kimoja kila mtu. Ukimwacha profesa bila maelezo, atamsifia mwajiri wa kahawa umahiri wako wa kupima floraidi.

Sasa lile la mwisho, mlango wa chuo. Haufungwi, hurudishwa tu, na kinachouacha wazi ni machapisho na watu. Ile makala uliyoniambia imebaki sura moja, imalize kabla ya siku ya kwanza kazini, kwa sababu miezi ya mwanzo itameza jioni zako zote. Mwombe msimamizi wako uendelee kusaidia wanafunzi wa uzamili, hata mmoja kwa mwaka. Vyuo vinathamini mtu wa viwandani anayejua pia kusoma tasnifu. Na ukipewa mkataba, tafuta kifungu cha usiri na umiliki wa matokeo. Kikisema kila utakachoandika ni mali ya kampuni, omba waongeze sentensi moja inayoziacha nje kazi ulizozifanya kabla ya ajira, na nyingine inayokuruhusu kuchapisha kwa idhini ya maandishi. Omba hayo kabla hujasaini, wakati bado wanakutaka.